Cicely Saunders: Daktari Aliyeanza kwa Kujitolea

Mwalimu akiuliza darasani ni nani anayetaka kuwa daktari, mikono huinuka mingi kama miwa shambani. Akiuliza daktari hufanya kazi gani, jibu huwa ni moja tu: daktari huponya. Lakini je, yule mgonjwa asiyeweza kupona tena ni wa nani? Hapo darasa hunyamaza. Wala si wanafunzi peke yao. Hata madaktari wakubwa walilikwepa swali hili kwa miaka mingi.

Mwaka huu nimeamua kuwasimulia maisha ya mwanamke mmoja Mwingereza ambaye hakulikwepa. Jina lake ni Cicely Saunders. Kabla ya kuwa daktari alikuwa muuguzi, kisha akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha mtu wa kujitolea katika nyumba ya maskini waliokuwa wakiyangoja mauti. Mimi naamini, na nitajaribu kuwaonyesha, kwamba ni katika kule kujitolea alikolipata jambo lililomfanya ajulikane dunia nzima. Chuo cha udaktari kilimpa elimu na sauti ya kulitangaza, lakini jambo lenyewe alikuwa ameshaliona.

Cicely alizaliwa tarehe 22 Juni 1918 huko Barnet, kaskazini mwa London, miezi michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kumalizika. Baba yake, Gordon Saunders, alikuwa wakala wa kuuza nyumba na mashamba, na biashara yake ilimwendea vizuri sana. Kwa hivyo msije mkadhani kuwa huyu alikuwa mtoto wa kulala njaa. La hasha! Mali ilikuwapo. Yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba, na nyuma yake wakafuata wavulana wawili. Lakini mali si furaha. Baba na mama yake hawakuelewana, na mwishowe walitengana.

Alipofika umri wa miaka kumi na minne, alipelekwa Roedean, shule ya bweni ya wasichana karibu na mji wa Brighton. Huko hakupata marafiki kwa urahisi. Alikuwa mrefu kuwashinda wenzake, mwenye haya nyingi, na mgongo wake ulikuwa na kasoro iliyomsumbua. Ninyi mnajua jinsi shule ilivyo. Ukiwa tofauti kidogo tu, unaachwa pembeni. Lakini chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na upweke nao una mafunzo yake ukivumilia: alipokuwa mtu mzima Cicely aliuona upweke ule kuwa ndio uliomfundisha kuwahurumia watu walioachwa pembeni.

Mwaka wa 1938 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford kusomea siasa, falsafa na uchumi. Angalieni vizuri, hapo hakuna biolojia wala kemia. Mwaka uliofuata Vita vya Pili vya Dunia vikalipuka. Cicely akaona haya kukaa na vitabu wakati majeruhi walikuwa wakimiminika hospitalini. Mwaka wa 1940 akaacha Oxford, akaenda kujifunza uuguzi katika Hospitali ya St Thomas's mjini London, kwenye ile shule iliyoanzishwa na Florence Nightingale. Kazi hii aliipenda kwa moyo wake wote. Lakini wapi! Kuinua na kugeuza wagonjwa mchana na usiku kuliutesa mgongo wake, na mwaka wa 1944, baada ya kuhitimu, akaambiwa kuwa hawezi kuendelea.

Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alirudi Oxford, akamaliza masomo yake, kisha akasomea kazi ya ustawi wa jamii hospitalini. Hii ni kazi ya kushughulikia yale ambayo dawa hazishughulikii: mgonjwa atarudi wapi akitoka, nani anawalisha watoto wake, kodi ya nyumba italipwa na nani. Mwaka wa 1945 pia ndipo alipokuwa Mkristo wa dhati, na imani hiyo haikumtoka hadi mwisho. Ilipofika mwaka wa 1947 alikuwa tena St Thomas's, safari hii bila sare ya muuguzi.

Ni huko alikokutana na David Tasma. Huyu alikuwa Myahudi kutoka Warsaw, nchini Poland, mwanamume wa miaka arobaini hivi, aliyekuwa akifanya kazi ya kuwaandalia wageni chakula mkahawani. Alikuwa na saratani isiyoweza kupasuliwa, na mjini London hakuwa na jamaa hata mmoja. Alipohamishiwa hospitali nyingine, Cicely aliendelea kumtembelea, mara ishirini na tano hivi katika muda wa miezi miwili. Mazungumzo yao hayakuwa ya kupoteza wakati. David alihuzunika kwamba angeondoka duniani bila kuacha alama yoyote, kana kwamba hakupata kuishi. Wodi ilikuwa imejaa, yenye kelele na haraka, na hapakuwa na mtu wa kuketi na anayekufa. Basi wawili hawa wakawa wanawaza pamoja kuhusu mahali pengine, mahali ambapo mtu kama yeye angetulizwa maumivu na kusikilizwa pia.

David alifariki tarehe 25 Februari 1948. Alimwachia Cicely pauni 500, na ombi kwamba pesa hizo ziwe dirisha katika nyumba atakayoijenga. Hebu fikirini! Nyumba haikuwapo, kiwanja hakikuwapo, hata mchoro haukuwapo. Palikuwa na dirisha tu.

Mtu aliyepewa deni kama hilo angeweza kukimbilia kuomba michango papo hapo. Cicely hakufanya hivyo. Alijiuliza kwanza ni wapi watu wanaokufa wanatunzwa vizuri, ili akajionee. Akaelekea St Luke's, katika mtaa wa Bayswater, magharibi mwa London. Nyumba hii ilianzishwa mwaka wa 1893 na daktari aliyeitwa Howard Barrett, ikapewa jina la makao ya maskini wanaokufa. Jina kali, lakini la kweli. Cicely akaomba kujitolea huko kama muuguzi jioni, baada ya kazi yake ya mchana. Hakulipwa hata senti moja, wala mgongo wake haukuwa umepona. Alijitolea hivyo kwa muda wa miaka saba.

Sasa nawaomba mnisikilize kwa makini, manake hapa ndipo penye kiini cha habari. Katika hospitali kubwa za wakati ule, mgonjwa mwenye maumivu makali ya saratani alipewa dawa ya mofini alipoanza kulia. Alipigwa sindano, akalala, dawa ikaisha nguvu, maumivu yakarudi, akalia tena, akangojea tena. Madaktari waliogopa kwamba wakimpa mara kwa mara atakuwa mraibu, au dawa itazoeleka mwilini iache kufanya kazi. Kwa hivyo walimfanya aistahili kwanza kwa machozi.

Huko St Luke's mambo yalikuwa tofauti. Wauguzi walitoa mofini ya kunywa kila baada ya saa nne, maumivu yawepo yasiwepo. Hawakungojea kilio. Na Cicely, ambaye alikuwa amewaona wagonjwa wa St Thomas's wakijikunja kitandani, akawaona wa huku wakizungumza, wakila kidogo, wakisoma magazeti, wakicheka na wageni wao. Hawakuwa wamelewa dawa. Walikuwa watu.

Siri yake si ngumu kuielewa hata kwetu sisi wa Kidato cha Tatu. Mofini ya kunywa hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi. Ukimpa mgonjwa kipimo kingine kabla ya kile cha kwanza kuisha, kiasi cha dawa katika damu hakishuki hadi chini, na maumivu hayapati nafasi ya kurudi. Ukingojea yarudi, unahitaji dawa nyingi zaidi kuyafukuza. Tena kuna hofu. Mtu anayejua kuwa maumivu yatarudi wakati wowote hukaa ameyangoja, na kule kuyangoja kunayaongeza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wauguzi wa St Luke's walikuwa wakiziba ufa kila baada ya saa nne.

Naomba nitoke kidogo London nije nyumbani, kwa sababu jambo hili la saa nimeliona kwa macho yangu. Nyanya yangu mzaa mama aliugua saratani ya koo, na miezi yake ya mwisho aliimalizia kwetu. Mwanzoni alikuwa amepewa vidonge katika kliniki moja na kuambiwa ameze akizidiwa. Basi usiku alikuwa anazidiwa, nyumba nzima inaamka, na dawa inachukua muda kufanya kazi huku sote tumesimama tunatazamana. Kisha mama akaelekezwa kwa watu wa hospisi. Akaja sista mmoja mpole, akatuletea chupa ya mofini ya maji, akamfundisha mama kupima kwa sirinji isiyo na sindano, na akabandika karatasi ukutani: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Kipimo cha usiku kilikuwa kikubwa zaidi ili nyanya alale hadi asubuhi. Pia alitupa dawa ya kulainisha tumbo, kwa kuwa mofini hufunga choo.

Mimi husoma shule ya kutwa, kwa hivyo niliwekwa kuwa mtunza saa wa asubuhi na jioni. Kabla ya kuvaa sare namwita mama, anapima, nami naweka alama kwenye karatasi. Siku ya tatu nyanya alianza kuuliza habari za kuku wake. Siku ya nne akanigombeza kwa kuchelewa kwenda shuleni. Nilifurahi kugombezwa! Ugonjwa haukupona, na miezi miwili baadaye alitutoka, lakini zile wiki tulizokaa naye akiwa ni yeye mwenyewe hazina bei. Ni baada ya hapo nilipotaka kujua ni nani aliyebuni mambo ya karatasi ile ukutani, na ndipo nikakutana na jina la Cicely Saunders.

Turudi sasa Bayswater. Cicely alikuwa ameona dawa ikifanya kazi, lakini nani angemsikiliza? Wakati huo alifanya kazi pia na daktari bingwa wa upasuaji aliyeitwa Norman Barrett, ambaye jina lake lingali katika vitabu vya udaktari kwa sababu ya ugonjwa mmoja wa umio. Cicely alimweleza kuwa anataka kurudi kuwauguza wanaokufa, hata ikiwa ni usiku. Barrett akamshauri asomee udaktari. Alimweleza kwamba ni madaktari ndio wanaowakimbia wagonjwa wa namna hiyo, na kwamba watu hawatamsikiliza asipokuwa daktari mwenyewe. Ushauri huo ulikuwa mchungu kama mwarobaini, lakini ulitibu.

Basi mwaka wa 1951, akiwa na miaka thelathini na mitatu, Cicely aliingia shule ya udaktari ya St Thomas's. Alikaa darasani na vijana waliokuwa wamemaliza sekondari juzi tu. Yeye aliyesomea siasa na uchumi akaanza upya sayansi, kama mtoto anayejifunza kutembea. Kwa wale wanaosema eti ukishakosea kuchagua masomo katika Kidato cha Pili basi maisha yamefungwa, mfano ndio huo. Alihitimu mwaka wa 1957. Kwa jumla alikuwa amefunzwa mara tatu kazi za hospitali: uuguzi, ustawi wa jamii na udaktari. Kila moja ilimpa jicho lake.

Mwaka wa 1958 alipata ufadhili wa kufanya utafiti kuhusu maumivu ya wanaokufa, akaanza kazi katika Hospisi ya St Joseph's, huko Hackney, mashariki mwa London. Nyumba hiyo iliendeshwa na masista Wakatoliki kutoka Ireland tangu mwaka wa 1905. Cicely hakuwa Mkatoliki, lakini walipatana. Masista walikuwa na upendo mwingi ila daftari hawakuwa nalo. Yeye akaleta vitu viwili: saa na kalamu. Mofini ikaanza kutolewa kwa wakati, na kila mgonjwa akaandikiwa kadi yake: maumivu ni wapi, kipimo ni kipi, kimeongezwa lini, amelala vipi. Baada ya miaka saba alikuwa na kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 1,000.

Kadi hizo zilijibu hofu ya madaktari. Zilionyesha kwamba mgonjwa anayepewa mofini kwa kipimo kinachofaa na kwa wakati hawi mraibu kama ilivyodhaniwa, na kwamba hahitaji kuongezewa bila kikomo. Upendo bila ushahidi ungeitwa huruma ya kina mama. Upendo wenye kadi 1,000 uliitwa sayansi.

Kuna jambo jingine alilolipata kwa kusikiliza. Wagonjwa walipoulizwa kuhusu maumivu yao, hawakutaja mwili peke yake. Walitaja hofu, walitaja pesa, walitaja watoto, walitaja Mungu. Cicely akasema kwamba maumivu ya anayekufa ni kitu kimoja chenye pande nne: mwili, akili, jamii na roho. Ukitibu upande mmoja ukaacha mitatu, bado mtu anaumwa. Hata nyanya yangu, sista yule alipomwuliza ni nini kinachomuuma zaidi, hakutaja koo. Alitaja ugomvi wa shamba kati ya wajomba zangu. Sista hakucheka wala hakusema kuwa hayo si kazi yake. Alimshauri mama awaite wajomba waje waketi mbele ya nyanya. Walikuja. Dawa ya koo ilikuwa kwenye chupa, na dawa ya moyo ilikuwa kwenye kile kikao.

Wakati wote huo lile dirisha la David Tasma lilikuwa likingoja nyumba. Cicely aliandika barua, aliomba michango, alihutubia makanisa na mashirika, akabisha hodi kila mlango. Mwaka wa 1963 alisafiri hadi Marekani kueleza mawazo yake. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka wa 1967 Hospisi ya St Christopher's ilifunguliwa katika mtaa wa Sydenham, kusini mashariki mwa London, ikiwa na vitanda 54. Jina hilo ni la mtakatifu anayewalinda wasafiri, kwa sababu zamani neno hospisi lilikuwa na maana ya mahali pa wasafiri kupumzika njiani. Karibu na mlango wa kuingilia liliwekwa dirisha kubwa, kwa ukumbusho wa David. Ilikuwa imepita miaka kumi na tisa tangu zile pauni 500. Ahadi ni deni, na deni hilo lililipwa.

St Christopher's haikuwa nyumba ya kilio. Palikuwa na bustani, na watoto wa wafanyakazi walicheza humo humo. Jamaa walikaribishwa na wageni wa kujitolea wakapewa kazi za kweli. Tena haikuwa nyumba ya kutunza tu, bali ilifundisha na kufanya utafiti pia. Hii ndiyo iliyoitofautisha na zile za zamani. Mwaka wa 1969 wauguzi wake walianza kuwafuata wagonjwa nyumbani, kwa kuwa wengi hupenda kufia kwao, kitandani mwao. Sista aliyekuja kwetu na karatasi yake anatoka katika desturi hiyo.

Kuanzia hapo moto ukaenea. Wauguzi na madaktari walikuja Sydenham kujifunza wakarudi makwao kujenga. Marekani ilipata hospisi yake ya kwanza ya namna hii mwaka wa 1974 katika jimbo la Connecticut. Barani Afrika, Zimbabwe ilitangulia mwaka wa 1979, mjini Harare. Hapa Kenya, Nairobi Hospice ilianza kuwahudumia wagonjwa mwaka wa 1990, na baadaye miji kama Mombasa, Nyeri, Eldoret, Kisumu na Meru ikapata hospisi zake. Jirani zetu wa Uganda walianza mwaka wa 1993 chini ya Dkt. Anne Merriman, ambaye alikuwa ameanzia kazi hiyo Nairobi. Waganda walionyesha kwamba mofini si dawa ya matajiri: unga wake huchanganywa na maji, ukatiwa kwenye chupa kwa bei ndogo. Mwaka wa 2004 nchi hiyo ikabadilisha sheria ili wauguzi waliofunzwa nao waruhusiwe kuiandika dawa hiyo, kwa kuwa madaktari ni wachache vijijini. Shirika la Afya Duniani nalo, tangu mwaka wa 1986, limekuwa likizihimiza nchi zote kutoa dawa za maumivu ya saratani kwa mdomo na kwa kufuata saa. Mnaona? Ni lile lile alilolishuhudia mtu wa kujitolea jioni moja huko Bayswater.

Cicely alipewa heshima nyingi. Mwaka wa 1979 alipewa cheo cha Dame na Malkia wa Uingereza, na mwaka wa 1981 akapata Tuzo ya Templeton. Mwaka wa 1987 Uingereza iliitambua tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza, kuwa tawi kamili la udaktari. Aliolewa akiwa amekwisha timiza miaka sitini, mwaka wa 1980, na mchoraji kutoka Poland aitwaye Marian Bohusz-Szyszko, ambaye picha zake zilipamba kuta za St Christopher's. Bwana huyo alifariki mwaka wa 1995 humo humo, akitunzwa na mkewe na wenzake. Naye Cicely alipopata saratani ya titi, hakutafuta mahali pengine. Alifariki tarehe 14 Julai 2005, mwenye umri wa miaka themanini na saba, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Aliyetandika kitanda kwa ajili ya wengine alikilalia.

Alikuwa na msimamo ambao si kila mtu aliupenda. Alipinga katakata madaktari kumwua mgonjwa kwa sababu tu ameomba afe. Alishikilia kwamba mara nyingi anayeomba kufa anaomba maumivu yakome na asiachwe peke yake, na hayo mawili yanawezekana. Mjadala huo bado upo katika nchi nyingi, nami simlazimishi mtu. Lakini yeye alikuwa na haki ya kusema, manake alikuwa ameketi nao.

Wenzangu mnaotaka kuwa madaktari, kuna jambo ambalo huwa naambiwa na marafiki: eti mtu mwenye ndoto ya udaktari akazane na biolojia, kemia na hesabu, kukaa na wanaokufa ni kujitia huzuni na kupoteza muda wa kudurusu. Sikatai kwamba alama zinatakikana. Cicely mwenyewe asingesikilizwa bila shahada, na alirudi darasani miaka sita kuitafuta. Lakini tazameni mpangilio wa maisha yake. Swali lilikuja kwanza, shahada ikafuata. Kama angeingia chuo mapema bila kupita St Luke's, labda angefundishwa kama wengine kwamba mofini hutolewa mgonjwa akilia, naye angeamini, kwa sababu mwalimu amesema na kitabu kimesema. Alikuwa na kitu ambacho kitabu cha wakati huo hakikuwa nacho: alikuwa ameona kwa macho yake.

Sisi wa miaka kumi na sita hatuwezi kuandika dawa wala kupiga sindano, na haifai hata kujaribu. Lakini kazi ipo. Unaweza kuchota maji, kufua shuka, kusoma gazeti kwa sauti, kutunza saa na kumwita mkubwa apime dawa. Unaweza kuketi. Nani amesema kuketi si kazi? Na unaweza kutunza siri, kwani mgonjwa akikueleza ya moyoni mwake si habari ya kupeleka darasani. Hospisi nyingi hupokea watu wa kujitolea wakiomba kwa utaratibu, na kama hakuna hospisi karibu, katika kila kijiji kuna nyumba moja ambayo watu wameacha kuitembelea kwa sababu mgonjwa wake hawezi kupona. Usiende huko kwa ajili ya cheti. Utajulikana upesi. Mgonjwa anamjua anayetazama saa ili aondoke, na anamjua anayetazama saa ili dawa isichelewe.

Wengi wetu tutaitwa madaktari siku moja, Mungu akipenda, na wengine tutakuwa walimu, wakulima, makanga na wafanyabiashara. Kila mmoja wetu, awe nani, siku moja atasimama kando ya kitanda cha mtu ambaye hatapona. Cicely Saunders alituachia njia ya kusimama pale: tuliza maumivu kabla hayajarudi, uliza ni nini kinachouma zaidi, na usikimbie. Kalamu yangu naiweka hapa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu